Dawa chungu: Je, maumivu ya tiba ni sehemu ya tiba?

MIAKA michache iliyopita mama mmoja, ambaye mwanawe nilikuwa namsomesha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, alinisubiri nje ya darasa baada ya swala ya adhuhuri. Alikuwa amejifunga mtandio chini zaidi ya kawaida, na baadaye ndipo nilipofahamu kwamba nywele zilikuwa zimemtoka zote, hata nyusi. Akanieleza kwamba ana saratani ya titi, kwamba ameshatundikiwa dripu tatu za dawa na zimebaki tatu, na kwamba kila akitoka hospitali hupitisha siku tano hawezi kula wala kusimama kuswali. Kisha akauliza: "Ustadh, nikiziacha hizi dripu zilizobaki, nitakuwa nimejiua?"

Nilimjibu papo hapo, nimesimama, daftari la mahudhurio likiwa mkononi. Nilimwambia kwamba Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, kwamba dawa ni chungu lakini uchungu wake ndio uponyaji wake, na kwamba asubiri kwa sababu mwenye kusubiri ana malipo makubwa. Alinishukuru, akaenda zake.

Baada ya dripu ya nne alipata homa. Alikumbuka maneno ya ustadh, akasubiri. Alisubiri siku mbili bila ya kumwambia mtu. Siku ya tatu majirani walimbeba hadi hospitali. Daktari aliwaeleza nduguze kwamba dawa ile hupunguza chembe nyeupe za damu ambazo ndizo zinazopambana na vijidudu, na kwamba mgonjwa wa namna ile akipata homa hutakiwa afikishwe hospitali saa hiyohiyo, haisubiriwi asubuhi. Alilala wodini siku tisa. Alhamdulillah, alitoka. Nilipokwenda kumjulia hali hakunilaumu. Alisema tu kwa sauti ya chini: "Nilikuwa nasubiri, Ustadh, kama ulivyoniambia."

Ndugu msomaji, sisi walimu wa dini tunakisoma na kukisomesha kisa cha yule sahaba aliyejeruhiwa kichwani akiwa safarini, akapata janaba, akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hapana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika sana, akawahesabu wenzake wale kuwa ndio waliomuua, na akawalaumu kwa nini hawakuuliza jambo wasilolijua. Nilikuwa nimekisomesha kisa hiki mara nyingi. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakuwa mmoja wa wale waliojibu bila ya kujua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu maradhi haya na tiba zake, na nikiwauliza madaktari ninaowafahamu. Si kwa ajili ya kuwa daktari, bali kwa ajili ya kujua nilikosea wapi. Na katika kusoma huko nimekutana na jambo ambalo naona linatugusa sisi Waislamu wa mijini, ambao karibu kila familia sasa ina mgonjwa wa saratani au imeshamzika mmoja. Jambo lenyewe ni swali: Je, maumivu ya tiba ni sehemu ya tiba? Yaani, dawa inaponya kwa sababu inaumiza, au inaponya na bahati mbaya inaumiza pia? Swali hili linaonekana dogo. Lakini jibu lake ndilo linaloamua tumwambie nini mgonjwa, na ndilo linaloamua kama kupunguza maumivu ya mgonjwa ni anasa au ni wajibu.

Sumu iliyogeuka dawa

Tuanze na dawa yenyewe. Tiba ya kemikali, ambayo wengi wetu tunaiita "dripu za kansa", ina asili ya kushangaza. Ilitokana na silaha. Katika vita vya kwanza vya dunia majeshi ya Ulaya yalitumia gesi ya haradali kuuana. Madaktari walikuja kugundua kwamba sumu ya jamii hiyo huziua chembe nyeupe za damu. Mwaka 1942, katika chuo kikuu cha Yale huko Marekani, wataalamu wakiwemo Louis Goodman na Alfred Gilman waliijaribu sumu ya ukoo huo kwa mgonjwa mwenye saratani ya mfumo wa limfu, na uvimbe wake ukanywea kwa muda. Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Dawa nyingi za namna hii huziwinda seli zinazojigawa kwa haraka. Saratani hujigawa kwa haraka, kwa hiyo hufa. Lakini nywele nazo hujigawa kwa haraka, na utando wa matumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Dawa haina macho. Ikiingia kwenye mshipa wa mkono huzunguka mwili mzima, na ni sehemu ndogo tu inayoufikia uvimbe. Iliyobaki inakwenda kwa wasiokuwa na hatia. Ni mfano wa msako: mwizi ni mmoja, lakini mtaa mzima unapigwa virungu.

Hata hivyo, mtu asije akasoma hapa akadhani kwamba naipiga vita tiba hii. La hasha. Hapa hapa Afrika Mashariki tuna ushahidi wa faida yake. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa mataya uliokuwa ukiwaua watoto. Saratani ile ambayo leo inaitwa kwa jina lake ni miongoni mwa saratani za mwanzo kuonekana zikipona kwa tiba ya kemikali, na watoto wengi wamepona kwayo. Saratani za damu za watoto nazo, pale tiba inapotolewa kikamilifu, nyingi hupona. Ugonjwa ulioenea mwili mzima unahitaji dawa inayoenea mwili mzima, na hilo halina mbadala rahisi. Kwa hiyo hoja si kwamba dripu ni mbaya. Hoja ni kwamba madhara yake ni madhara, hayajageuka kuwa heri kwa sababu tu yamo ndani ya dawa.

Kuiweka dawa pale penye ugonjwa

Wapo watu waliojiuliza swali jepesi: Kama uvimbe uko mahali pamoja, kwa nini dawa isiwekwe mahali pale pale ikatoka kidogo kidogo? Tatizo lilikuwa ni chombo cha kuibebea. Mwaka 1976 Robert Langer na Judah Folkman wa Marekani walionesha kwamba inawezekana kutengeneza polima, yaani mada za jamii ya plastiki, zinazoachia molekuli kubwa polepole kwa muda mrefu. Wapo wataalamu waliolipuuza wazo hilo mwanzoni. Langer aliendelea, akashirikiana na daktari wa upasuaji wa ubongo Henry Brem wa Johns Hopkins, wakatengeneza kidonge bapa mfano wa sarafu, kiitwacho Gliadel. Kila kimoja kina miligramu 7.7 za dawa iitwayo karmustini. Daktari akishaondoa uvimbe kwenye ubongo huvipanga vidonge hivyo, hadi vinane, ndani ya shimo lililobaki, na dawa hutoka pale pale huku polima yenyewe ikiyeyuka.

Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya majaribio kwa wagonjwa 222 waliokuwa wamerudiwa na saratani ya ubongo. Waliowekewa vidonge vyenye dawa waliishi wastani wa kati wa wiki 31, na waliowekewa vidonge vitupu wiki 23. Mwaka 1996 mamlaka za Marekani ziliruhusu vitumike. Mwaka 2003, kwa wagonjwa 240 waliokuwa ndio kwanza wamegundulika, ilikuwa miezi 13.9 dhidi ya 11.6. Navyo havikukosa madhara. Kwa baadhi ya wagonjwa ubongo huvimba, wengine hupata maambukizi au kidonda kuchelewa kupona. Lakini nywele hubaki, na uboho wa mifupa, ambao ndio kiwanda cha damu, husalimika kwa kiasi kikubwa.

Baada ya vidonge hivyo yamekuja mengine. Mwaka 2020 iliruhusiwa huko Marekani dawa ya saratani ya mfumo wa mkojo, iliyochanganywa katika jeli yenye tabia ya ajabu: ikiwa baridi ni maji, ikipata joto la mwili inaganda na kukaa mahali pake ikiachia dawa taratibu. Mwaka 2025 kikaruhusiwa kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya kibofu, kikatoa dawa ya gemsitabini kwa wiki kadhaa.

Askari wa mwili

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Allah (s.w.t.) ameuwekea mwili askari wake. Ni chembe hai zinazozunguka zikikagua kila seli, na zikiona iliyoharibika huiua. Saratani inapoota maana yake ni kwamba imewakwepa askari hao au imewalaza. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani waligundua kwamba askari hao wana mfano wa breki, na kwamba saratani huzikanyaga breki hizo ili wasishambulie. Zikatengenezwa dawa za kuziachia breki. Mwaka 2018 wawili hao walipewa tuzo ya Nobel ya tiba. Hii ndiyo tiba ya kinga: dawa haimpigi adui, bali inamwamsha askari.

Na si jambo geni kama tunavyodhani. Chanjo ya BCG, ambayo watoto wetu huchanjwa begani wakiwa wachanga, mwaka 1976 daktari Alvaro Morales alionesha kwamba ikitiwa ndani ya kibofu chenye saratani huwaamsha askari wa pale pale nao wakaishambulia. Hadi leo inatumika kwa kazi hiyo.

Hapa ndipo penye mkanganyiko. Kama tunataka kuwaamsha askari, na wakati huohuo tunampa mgonjwa dripu inayowaua askari, si tunajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine? Watafiti wa Johns Hopkins walilichunguza jambo hili kwa panya waliopandikizwa saratani ya ubongo, na wakachapisha matokeo mwaka 2016. Baadhi ya panya walipewa dawa ya kuachia breki. Kundi moja likaongezewa tiba ya kemikali ya mwili mzima. Kundi lingine likaongezewa tiba ya kemikali iliyowekwa ndani ya uvimbe kwa njia ya polima. Kwa waliopewa ya mwili mzima, askari walipungua kila mahali na faida ya tiba ya kinga ikapotea. Kwa waliowekewa mahali pamoja, tiba mbili zile zilisaidiana na maisha yao yakarefuka. Zaidi ya hayo, miili yao ilibaki na kumbukumbu ya adui, ilhali tiba ya mwili mzima iliipunguza kumbukumbu hiyo.

Kwa nini zilisaidiana? Kwa sababu zipo dawa za kemikali ambazo zikiiua seli ya saratani hazifichi mzoga wake. Seli inapopasuka hutoa alama, na askari wakizizoea alama hizo huenda kuwatafuta wenziwe waliojificha mbali. Mwaka 2018 watafiti wengine, wakiongozwa na Zhen Gu, walieleza jeli inayochomwa kwa sindano kwenye uvimbe, ndani yake mna gemsitabini pamoja na dawa ya kuachia breki. Jeli hiyo huvunjika kwa kukutana na kemikali kali ambazo kwa kawaida hujaa ndani ya uvimbe wenyewe, ikaachia kila dawa kwa kasi yake. Yaani adui mwenyewe ndiye anayefungua mlango wa silaha inayomuua. Nao ulikuwa utafiti wa panya.

Uadilifu unatulazimisha tuseme na upande wa pili. Panya si binadamu. Dawa ya kuachia breki ilipojaribiwa peke yake kwa wagonjwa 369 waliorudiwa na saratani ya ubongo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionesha kwamba hawakuishi zaidi ya waliopewa dawa nyingine iliyokuwepo. Na kwa saratani ya mapafu, utafiti wa mwaka 2018 ulionesha kwamba tiba ya kinga na tiba ya kemikali, zote mbili kwa dripu, zilirefusha maisha kuliko kemikali peke yake. Kwa hiyo si kanuni kwamba dripu daima huiharibu kinga. Kilichothibiti ni kidogo zaidi ya hapo, lakini kwa hoja yangu kinatosha: yapo mazingira ambayo tiba iliyoumiza zaidi ndiyo iliyoponya kidogo, na iliyoumiza kidogo ndiyo iliyoponya zaidi.

Uchungu si uponyaji

Nikarudi kwenye maneno yangu kwa yule mama: uchungu wa dawa ndio uponyaji wake. Kumbe nilisema uongo, tena kwa jina la dini. Uchungu haukuwa uponyaji. Uchungu ulikuwa ni madhara yaliyovumiliwa kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Wanazuoni wetu wa kanuni za fiqhi wameliweka sawa jambo hili karne nyingi zilizopita. Wamesema madhara ni ya kuondolewa, kwamba hayaondolewi kwa madhara yaliyo sawa nayo, na kwamba yakikutana mawili yasiyoepukika huchukuliwa lililo jepesi ili kuepuka lililo zito. Zingatia: jepesi huchukuliwa kwa dharura, na dharura hupimwa kwa kiasi chake. Hakuna mahali waliposema kwamba dhara lile jepesi limegeuka kuwa jambo jema. Linabaki ni deni, na siku ikipatikana njia ya kulipunguza, kulipunguza ni wajibu.

Kuna atakayesema: Lakini Ustadh, maradhi hufuta madhambi, na mwenye kuumwa akasubiri ana ujira. Je, ukimpunguzia maumivu hujampunguzia ujira? Hoja hii niliwahi kuiamini nusu nusu, na nadhani wengi wetu tunaiamini bila ya kuisema. Jibu lake limo katika kisa cha yule mtu aliyemuonesha Mtume (s.a.w.) amesimama juani. Akauliza ana nini. Akaambiwa ameweka nadhiri asimame, asikae, asijitie kivulini, asiseme, na afunge. Mtume (s.a.w.) akaagiza aambiwe akae, ajitie kivulini, aseme, na aitimize saumu yake. Saumu ilikuwa ni ibada, ikabaki. Jua lilikuwa ni maumivu matupu, likaondolewa. Ujira wa mgonjwa ni kwa lile lililomfika na hana la kulifanya. Si kwa lile ambalo sisi tungeweza kumwondolea tukaacha. Wala kusubiri si kunyamaza na homa chumbani. Subira ya mgonjwa ni kutomkasirikia Mola wake huku akimweleza daktari kila kitu.

Atatokea mwingine aseme: Wiki nane ni nini? Vidonge vyote vile, upasuaji wote ule, gharama yote ile, kwa wiki nane? Huyu namjibu kwamba swali lake ni halali linapoulizwa na mgonjwa mwenyewe, kwa sababu mwili ni wake na anajua anachobeba. Lakini likiulizwa na sisi wazima huwa ni kiburi. Ndani ya wiki nane mtu huandika wasia, hulipa madeni, huwaomba radhi aliowadhulumu, humwozesha binti yake. Mwenye akili timamu hawezi kusema kwamba siku moja ya toba ni ndogo. Kinachotakiwa ni mgonjwa aambiwe ukweli kwamba ni wiki nane, si asubiri muujiza aliodanganywa na ndugu zake kwa jina la kumtia moyo.

Na lipo la tatu, ambalo wanafunzi wangu huliuliza kwanza: Hizo jeli zimetengenezwa kwa nini? Ni swali zuri. Nyingine hutokana na mwani, nyingine magamba ya kamba na kaa, nyingine ni za maabara, na nyingine hutokana na jelatini ambayo huenda ikawa ya ng'ombe au ya nguruwe. Katika kongamano la wanazuoni na matabibu lililofanyika Kuwait mwaka 1995 chini ya Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba, ilionekana kwamba kitu najisi kikibadilika dhati yake kikawa kitu kingine hukumu yake nayo hubadilika, jelatini ikiwemo. Wapo wanazuoni wasiokubali. Juu ya hilo ipo hukumu ya dharura ambayo hatuna hitilafu katika asili yake. Kwa hiyo mgonjwa aulize, na kama kipo cha halali bila ya shaka achague hicho, lakini asiiache tiba kwa kusikia uvumi mtaani.

Jibu nililopaswa kutoa

Basi ningemjibu vipi yule mama? Kwanza ningemkaribisha aketi. Pili ningemuuliza daktari amemwambia nini, kwa sababu hukumu haitolewi kabla ya kujua hali.

Imam Ghazali, Allah amrehemu, katika Ihya amezigawa sababu za kuondoa madhara katika mafungu matatu: ya yakini, kama maji kwa mwenye kiu, ya dhana yenye nguvu, kama dawa nyingi za matabibu, na ya kuwazia tu. Kuacha ya yakini panapo hofu ya kifo si kumtegemea Allah, bali ni haramu. Ya kuwazia ndiyo ya kuachwa. Ya katikati haipingani na tawakkul kuitumia, na kuiacha nako si haramu, kwani hutegemea hali ya mtu. Nayo Akademia ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, ilieleza kwamba kujitibu hugeuka hukumu: huwa wajibu pale ambapo kuacha kutampoteza mtu au kiungo chake au kutawaambukiza wengine, huwa sunna au mubaha katika hali nyepesi zaidi, na huwa makuruhu pale panapohofiwa tiba ilete madhara makubwa kuliko maradhi yenyewe.

Tazama basi uzito wa jambo hili. Kama hukumu inategemea nguvu ya dawa na ukubwa wa madhara yake, maana yake mtu anayetengeneza jeli katika maabara huko mbali anagusa hukumu ya mgonjwa. Akipunguza madhara, lililokuwa makuruhu linaweza kuwa mubaha. Akiongeza uhakika wa kupona, lililokuwa mubaha linaweza kuwa wajibu. Fiqhi ya mgonjwa haiandikwi na masheikh peke yao.

Kwa hiyo ningemfundisha mama yule maswali manne ya kumuuliza daktari wake: Je, dawa hii inalenga kuniponya au kunirefushia siku? Wangapi wenye hali kama yangu hufaidika? Madhara yake ni yapi, na yapi kati yake nikiyaona nikimbilie hospitali? Na je, ipo njia ya kuyapunguza? Akishapata majibu ndipo aje kwa sheikh. Kwa hali yake, ambayo daktari alikuwa anatarajia kumponya, ningemwambia aendelee, na ningemwambia kwamba kuitoa taarifa ya homa ni sehemu ya amana ya mwili wake. Kwa mwingine, ambaye dawa imeshashindwa na imebaki kumtesa, ningemwambia kwamba akichagua kupumzika nyumbani na kutulizwa maumivu hajajiua. Mtume (s.a.w.) alimpa hiari yule mwanamke aliyekuwa akipatwa na kifafa, asubiri apate Pepo au aombewe apone, naye akachagua kusubiri, akaomba tu asifunuke mwili wake anapoanguka. Hakulaumiwa kwa alilolichagua, wala kwa kuomba asitiriwe. Naye, zingatia, alichagua mwenyewe. Hakuchaguliwa na ustadh mwenye haraka.

Na sisi tuliobaki

Sikuandika haya ili mgonjwa aende kesho hospitali kudai jeli. Nyingi ya nilizozitaja ni za majaribio au ni za maradhi maalumu. Nimeandika ili tujue kwamba kupunguza maumivu ya tiba ni kazi ya dini, ni fardhi kifaya, na kwamba umma mzima unapata dhambi ukikosa wa kuifanya. Wazee wetu walilielewa hilo. Nuruddin Zengi alijenga hospitali Damascus mwaka 1154 na Sultani Qalawun akajenga Cairo mwaka 1284, zote kwa wakfu, mgonjwa akitibiwa na kulishwa. Sisi wakfu zetu ni nyumba za kupangisha na misikiti yenye marumaru. Vijana wetu wanaofaulu kemia na baiolojia tunawauliza lini wataanza biashara. Wangapi kati yetu wamewahi kutoa sadaka kumsomesha mwanafunzi mmoja wa famasia?

Na la mwisho ni hili. Dawa inayowekwa mahali pamoja humfaa zaidi yule ambaye ugonjwa wake bado uko mahali pamoja. Hilo halitegemei maabara ya Marekani. Linategemea mama zetu na dada zetu kwenda kupimwa mapema, na linategemea sisi waume kutowazuia kwa kisingizio cha aibu, au kuwazungusha kwa waganga miezi sita hadi uvimbe utoboke. Uvimbe ulioachwa hadi ukaenea hauna dawa nyepesi popote duniani. Ukali wa dripu nyingi tunazozilaumu umetokana na kuchelewa kwetu wenyewe.

Mama yule alimaliza dripu zake. Nywele zimeota, na mwanawe amemaliza kidato cha nne. Nilimwomba radhi, akacheka, akasema ameshasamehe zamani. Tangu hapo akija mgonjwa kuniuliza, hutoka nje ya darasa, tukatafuta benchi, tukaketi, na swali la kwanza huwa ni langu mimi kwake: "Daktari amekwambiaje?"

Wallahu a'lam.